KINGA YA KOMPYUTA ISIYO NA MALIPO: NANI ANAYEILIPIA?

Walimu wa madarasa wawe tayari na chaki, kwa kuwa yatakuja majina na miaka inayofaa kuandikwa ubaoni. Kila mwanafunzi mwenye kijitabu hiki na aufuate usomaji wetu mstari kwa mstari.

Leo tutasoma historia ya programu zinazolinda kompyuta za nyumbani, na hasa zile zinazotolewa bure. Siku hizi kompyuta imeingia katika nyumba nyingi. Mtoto anaandikia kazi zake za shule, baba anaweka hesabu za duka, mama anahifadhi picha za arusi na za marehemu wazee wake. Siku moja kioo chatoa tangazo: kompyuta yako iko hatarini, chukua kinga hii, haina malipo. Je, mwenye kompyuta akubali au akatae?

Wazee wetu wa pwani walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hakiji baharini chenyewe. Yuko fundi aliyekiunda, na yuko aliyemlipa fundi. Kadhalika programu. Hata ile inayotolewa bure imeundwa na mafundi wanaokula, wanaovaa na wanaolipa kodi ya nyumba. Basi swali letu la leo ni hili: wanapata wapi fedha? Atakayejua jibu lake ataweza kuchagua vizuri.

1. Kirusi ni kitu gani?

Kompyuta ni mashine inayofuata maagizo. Maagizo yakipangwa pamoja kwa kazi fulani huitwa programu. Iko programu ya kuandikia barua, iko ya kupigia hesabu, iko ya kuonyeshea picha. Kirusi nacho ni programu, lakini ni programu inayojinakili yenyewe na kujibandika katika programu nyingine au katika diski, bila ya mwenye kompyuta kuombwa ruhusa.

Jina hili limetoka katika elimu ya maradhi. Mwaka 1983 Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alitengeneza programu ya namna hiyo kwa majaribio. Mwalimu wake, Leonard Adleman, akaipa jina la kirusi, kwa kuwa ilienea kama ugonjwa utokao kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Baadaye Cohen alithibitisha kwa njia ya hesabu kwamba haiwezekani kutengeneza programu itakayotambua kila kirusi bila ya kukosea kamwe. Maneno hayo tuyaweke akilini, maana tutayahitaji mwishoni.

Walakini kitu chenyewe kilitangulia jina lake. Mwaka 1971 Bob Thomas, wa kampuni ya BBN huko Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa Creeper. Ilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia mtandao wa ARPANET, ikiandika maneno ya kujigamba kwamba anayeweza aikamate. Haikukusudiwa kuharibu kitu. Mwenzake wa kazini, Ray Tomlinson, akatengeneza programu ya pili, Reaper, iliyoifuata ile ya kwanza na kuifuta. Basi twaona ya kuwa mwizi na askari wake walizaliwa katika nyumba moja.

2. Diski ya mkono kwa mkono

Kompyuta ndogo za nyumbani zilipoanza kuuzwa, virusi navyo vikapata njia. Mwaka 1982 Rich Skrenta, kijana wa miaka 15 wa Pennsylvania, alitengeneza Elk Cloner kwa ajili ya kuwachezea rafiki zake. Kirusi hicho kilikaa katika diski za kompyuta ya Apple II, na kila diski ilipotumiwa kuwashia kompyuta mara ya 50, kioo kilionyesha shairi. Ulikuwa utani wa wanafunzi.

Mwaka 1986 jambo hili lilifika mbali zaidi. Katika mji wa Lahore, Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walikuwa na duka la kompyuta. Wao wenyewe walieleza kwamba walitaka kulinda programu yao ya matibabu isiibwe kwa kunakiliwa. Wakatengeneza kirusi kilichoitwa Brain, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani ya duka lao na namba zao za simu. Diski zikapita mkono kwa mkono, zikavuka bahari, na watu wa nchi za mbali wakaanza kuwapigia simu wakiuliza namna ya kuponya kompyuta zao. Brain ndicho kirusi cha kwanza kinachojulikana kwa kompyuta za aina ya IBM PC.

Ndugu wasikilizaji, diski zile za zamani hazitumiki tena, lakini flashi tunazoazimana leo madukani, maofisini na mashuleni zinafanya safari ileile.

3. Mafundi wa Chekoslovakia na wa Marekani

Mara baada ya ugonjwa, wakatokea waganga. Mwaka 1987 kirusi kiitwacho Vienna kilienea Ulaya. Huko Ujerumani, Bernd Fix aliandika programu ya kukiondoa. Katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, vijana wawili, Miroslav Trnka na Peter Paško, nao walitengeneza programu yao, NOD. Na katika mji wa Prague, Pavel Baudiš alikutana na kirusi hichohicho kazini kwake, akaandika programu ya kukiua.

Mwaka 1988 Baudiš na mwenzake Eduard Kučera walianzisha ushirika ulioitwa Alwil. Nchi yao wakati ule ilitawaliwa na chama cha kikomunisti, na haikuwa rahisi mtu kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Serikali ile ilipoondoka mwaka 1989, njia ya biashara ikafunguka, na mwaka 1991 ushirika ukawa kampuni. Programu yao iliitwa Avast. Mwaka huohuo wa 1991, katika mji wa Brno, kampuni ya Grisoft ikaanza, nayo ndiyo iliyotoa programu ya AVG. Hivyo nchi moja isiyo kubwa, ambayo mwaka 1993 iligawanyika kuwa Cheki na Slovakia, ilizaa programu tatu za kinga zilizojulikana ulimwenguni.

Huko Marekani, John McAfee alianzisha kampuni yake mwaka 1987. Yeye aliweka programu yake mahali ambapo mtu yeyote mwenye kompyuta na simu angeweza kuichukua. Mtu wa nyumbani aliichukua na kuijaribu, kisha aliombwa alipe. Kampuni kubwa ndizo zilizotakiwa kulipia leseni. Huu ni mzizi mmojawapo wa kinga ya bure: mtu wa nyumbani anaieneza sifa, na ofisi inatoa fedha.

Lakini biashara ya dawa ina kishawishi chake. Kulikuwa na kirusi kilichoitwa Michelangelo, kilichotegwa kufuta diski kila tarehe 6 Machi, siku aliyozaliwa mchoraji wa jina hilo. Mapema mwaka 1992 magazeti yalitangaza kwamba huenda kompyuta hata milioni 5 zingeharibika. Watu wakaingiwa na hofu, wakakimbilia kununua kinga. Siku ilipofika, kompyuta zilizoumia zilihesabiwa kwa maelfu tu. Kirusi kilikuwapo kweli, na waliopoteza kazi zao walipoteza kweli. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa, na wauza dawa walifaidika. Tangu hapo, anayepiga kelele za hatari huku akiuza kinga yafaa atazamwe mara mbili.

4. Kwa nini wakaanza kutoa bure?

Intaneti ilipoenea, virusi havikungoja tena diski. Tarehe 4 Mei 2000 ilitoka Ufilipino barua pepe yenye kichwa cha habari cha mapenzi. Aliyefungua faili lililofungwa ndani yake alikuta mafaili yake yanaharibiwa, na barua ileile inatumwa kwa watu wote aliokuwa ameandika anwani zao. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa. Polisi walimpata kijana waliyemshuku, lakini hakuweza kuhukumiwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ikatungwa baada ya madhara. Kwetu, Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikapitisha yake mwaka 2018.

Katika miaka hiyo makampuni ya kinga yaliona kwamba watu wengi wa nyumbani hawakutaka kununua. Mwaka 2001 Avast ikaamua kutoa toleo la nyumbani bila malipo. AVG, na Avira ya Ujerumani, nazo zikatoa matoleo ya bure miaka hiyo. Matokeo yalikuwa makubwa: Avast ilifikia watumiaji milioni 1 mwaka 2004, na milioni 20 mwaka 2006.

Kampuni ilipata faida gani? Kwanza, jina lake lilienea bila ya kulipia matangazo mengi. Pili, baadhi ya waliochukua toleo la bure walinunua baadaye toleo lenye mambo zaidi. Tatu, kompyuta nyingi zilikuwa kama walinzi wengi: kirusi kipya kikitokea mahali popote, habari zake zilifika makao makuu upesi, na dawa ikatafutwa. Twaweza kusema kwamba huu ulikuwa mkataba wa haki, maana kila upande ulijua alichotoa na alichopata.

Iko pia bure ya namna nyingine. ClamAV, iliyoanzishwa na Tomasz Kojm wa Poland, ni programu ambayo maagizo yake yameachwa wazi, mtu yeyote aweza kuyasoma na kuyatumia. Tangu 2013 imekuwa chini ya kampuni ya Cisco. Lakini kazi yake hasa ni kukagua barua pepe katika mitambo mikubwa. Katika kompyuta ya Windows hukagua mafaili inapoamriwa. Haikai mlangoni kama bawabu. Basi programu yaweza kuwa njema na bado isifae kwa haja ya nyumbani kwako.

5. Bawabu anayekuja na nyumba

Mwaka 2003 kampuni ya Microsoft, yenye kutengeneza Windows, ilinunua kazi ya kinga ya kampuni ya GeCAD ya Romania. Mwaka 2009 ikatoa programu ya bure, Microsoft Security Essentials. Mwaka 2012, ilipotoka Windows 8, kinga hiyo ilitiwa ndani kwa jina la Defender. Tangu hapo anayenunua Windows hununua nyumba pamoja na bawabu wake. Mshahara wa bawabu umo ndani ya bei ya nyumba.

Hata hivyo bawabu hawezi kulinda nyumba yenye ukuta uliobomoka. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili iyafungue. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu na kurudisha wagonjwa. Na tazameni jambo la kusikitisha: dawa ya kuziba ufa ule ilikuwa imetolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi 2 kabla. Ilikuwa bure kwa kila mwenye Windows iliyokuwa bado ikihudumiwa. Wengi hawakuiweka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

6. Bure iliyolipiwa kwa siri

Sasa tunafika penye jibu la swali letu. Mwezi wa Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Avast, kwa kupitia kampuni yake ndogo iitwayo Jumpshot, ilikuwa ikiuza habari za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Kampuni ilisema kwamba majina ya watu yaliondolewa, na mwezi huohuo ikatangaza kuifunga Jumpshot. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza kwamba biashara hiyo ilifanyika tangu 2014, na kwamba kuondoa majina hakukutosha kuwaficha watu. Avast ikatakiwa kulipa dola milioni 16 na nusu, na ikakatazwa kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo.

Fikirini maana yake. Mtu anayesoma habari za ugonjwa wake, au anayetafuta kazi bila ya bosi wake kujua, au anayeuliza mambo ya dini au ya siasa, anaacha nyayo. Bawabu aliyewekwa kuzuia wezi alikuwa akiandika nyayo zile na kuziuza. Kinga ilifanya kazi yake dhidi ya virusi, lakini mwenye nyumba hakuelewa alichokuwa akilipa.

Wako pia waliojifanya mabawabu. Mwaka 2008 tume hiyohiyo iliwashitaki watu waliouza programu za uongo, kama WinFixer na XP Antivirus. Tangazo lao lilijifanya kukagua kompyuta, likadai kuona virusi ambavyo havikuwapo, kisha likadai fedha. Tume ilisema kwamba watu zaidi ya milioni 1 walidanganywa.

Tena jueni kwamba majina mengi hayana maana ya wenyewe wengi. Mwaka 2016 Avast iliinunua AVG. Avira ikanunuliwa na NortonLifeLock, na mwaka 2022 NortonLifeLock ikaungana na Avast, wakawa kampuni moja iitwayo Gen. Kwa hiyo anayelinganisha Avast, AVG na Avira analinganisha bidhaa tatu za tajiri mmoja.

7. Historia inatufundisha kuchagua namna gani?

Kwanza, tazama ulicho nacho. Kama kompyuta yako ni ya Windows 11, Defender imo ndani. Hakikisha kwamba inafanya kazi kabla ya kutafuta nyingine. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye nayo aulize kwa fundi mwaminifu jambo la kufanya, hasa akiwa amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika.

Pili, ukitaka kinga nyingine ya bure, uliza nani anailipia. Ikiwa kampuni inauza toleo la fedha na kusema hivyo waziwazi, hiyo ni biashara inayoeleweka. Ikiwa huoni inakopata fedha, iache.

Tatu, usiamini sifa anazojipa muuzaji. Viko vituo vinavyopima programu hizi, kama AV-Test cha Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives cha Innsbruck, Austria. Matokeo yao husomwa bure.

Nne, ichukue kwenye tovuti ya mwenyewe aliyeitengeneza. Usiichukue kutoka tangazo linalokurukia, wala flashi ya mtu. Unapoiweka, soma kila ukurasa kabla ya kubofya. Palipo na alama ya kukubali kutoa habari zako au kuongezewa programu nyingine, iondoe alama hiyo.

Tano, weka bawabu mmoja. Mabawabu wawili wa kampuni mbalimbali huzuiana mlangoni, na kompyuta huwa nzito.

Sita, ruhusu programu zisasishwe, yaani zipate maarifa mapya. Najua kwamba kazi hiyo hula bando, na bando ni fedha. Lakini bawabu asiyejua sura za wezi wapya amelala.

Saba, kumbukeni alivyothibitisha Fred Cohen: hakuna kinga isiyokosea. Kwa hiyo nakili kazi zako muhimu katika diski ya nje, kisha uichomoe na kuiweka kabatini. Kirusi hakiifikii diski iliyochomolewa.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Sasa walimu waongoze mazungumzo darasani kwa maswali yaliyopigwa chapa hapa chini. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bawabu: mtu anayelinda mlango.
Kinga: kitu kinachozuia madhara yasikupate.
Kubofya: kubonyeza ili kompyuta itende jambo.
Kunakili: kutoa mfano wa pili ulio sawa na wa kwanza.
Kusasisha: kuipa programu maarifa na marekebisho mapya.
Leseni: ruhusa ya kutumia kitu kwa masharti.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini ndugu wawili wa Lahore walipigiwa simu na watu wa mbali?
2. Taja faida tatu ambazo kampuni ilipata kwa kutoa kinga bure.
3. Dawa dhidi ya WannaCry ilikuwapo. Mbona hospitali ziliumia?
4. Je, ni haki kuuza habari za mtu ikiwa jina lake limeondolewa? Jadilianeni, na kila mmoja atoe sababu.
5. Andika sentensi 5 ukimweleza jirani yako namna ya kuchagua kinga ya kompyuta yake.